Jasho la Mtafiti Lisiandikwe Jina la Mwingine
(Mazungumzo na walimu na watumishi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa)



Nimeombwa nizungumzie wizi wa maandishi katika machapisho ya kitaaluma. Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo la maprofesa wa Dar es Salaam. Mimi nasema mkoa huu wa Lindi una sababu ya kulijua kuliko mikoa mingi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa ya dainosaria katika kilima cha Tendaguru. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, zikapelekwa Berlin. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, lakini majina yaliyovuma katika vitabu ni ya Janensch na Hennig. Ilipofika mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la Boheti: Australodocus bohetii. Huo haukuwa wizi wa maandishi hasa. Ni ndugu yake wa karibu.

Sasa tazameni mfano ulio kinyume. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona kuwa maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Walimu na wenzake walimcheka. Baadaye, akisoma Mkwawa, alimwuliza Profesa Denis Osborne, aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne alilipima jambo hilo katika maabara ya chuo kikuu. Angeweza kulichapisha peke yake. Nani angemsikiliza kijana wa shule? Makala yalipotoka mwaka 1969, yalibeba majina ya wote wawili, na jina la Mpemba likitangulia. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya maji hayo, lakini hakuna anayebishana ni nani aliyeuliza.

Turudi kwetu. Mwalimu wa Ruangwa anayekusanya maneno ya Kimwera wakati wa likizo, kisha akamwazima daftari mtu anayeandika tasnifu, na aandike tarehe na kubaki na nakala. Mwenye tasnifu naye analazimika kumtaja, hata kama amebadili kila sentensi, maana kubadili maneno hakubadili mwenye kazi.

Siku hizi wahariri hutumia programu za kompyuta zinazolinganisha maandishi. Zinasaidia, lakini zinaonyesha mfanano tu. Haziwezi kutoa hukumu. Tena mtu akiitafsiri makala ya Kiingereza kwa Kiswahili na kuiita yake, mara nyingi programu hupita bila kuona kitu. Hapo hakuna badala ya mhariri aliyesoma sana.

Mhariri akishuku, aweke maandishi mawili sambamba, amwandikie mwandishi kwa siri na kumpa muda wa kujieleza. Mwanagenzi aliyesahau tanbihi moja arekebishwe. Aliyebeba kurasa nzima, makala yake yakataliwe na mwajiri wake aarifiwe. Na kama yamekwisha kuchapishwa, yafutwe kwa tangazo la wazi ndani ya jarida lile lile. Kuyaondoa kimya kimya, kama ambavyo baadhi yetu hupenda ili kulinda heshima ya ofisi, kunamwacha aliyeibiwa bila haki yake, na wasomaji wanaendelea kumnukuu mwizi.