Kuomba Chuo Mapema: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama, Kizingo



Wako vijana wetu wanaotaka kwenda kusoma Marekani, nasi tumeona yafaa kuieleza karatasi moja ambayo mzazi hutakiwa kuitia sahihi.

Vyuo vingi vya huko hupokea maombi ya mapema, aghalabu mwisho wake ni tarehe 1 Novemba, na jibu hutoka Desemba. Ombi liitwalo Early Action halimfungi kijana. Akikubaliwa, kwa kawaida ana hiari mpaka tarehe 1 Mei. Liitwalo Early Decision humfunga: huomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, na akikubaliwa hana budi kwenda, na maombi mengine ayaondoe.

Hapo ndipo penye shida. Wakati huo mtoto wetu yumo katika mtihani wa KCSE, wala hajui chuo kingine kingemsaidia ada kiasi gani. (Kwa mwenye mali, hilo si neno.) Ni kweli kwamba msaada usipotosha aweza kuomba afunguliwe, lakini Desemba imekwisha pita nusu.

Mwenye karatasi hiyo nyumbani na ailete afisini kabla ya kutia kalamu, tuisome pamoja.