Neno "naomba" na kosa la kitabu cha kese

Maneno ya sekretere wa chama mbele ya wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu namna alivyosema.

Wapapa, wamama, vijana, jambo yenu! Na kwa wale waliozoea ile ingine: shikamooni, wazee wangu.

Naona munacheka. Njo pale nataka kuanzia.

Prezida aliniomba niseme kidogo juu ya luga. Nikamwambia mimi si mwalimu. Akanijibu: "Weye uliishi ng'ambo myaka kumi na moja, na weye njo unaandika kitabu cha kese. Utasema." Basi nitasema yale niliyoona, na mwisho nitasema kosa moja, juu kosa hilo ni langu.

Tulipovuka ziwa mwaka wa 1996, wengi wetu tulifikiri luga haitakuwa shida. Tulisema: Tanzania ni Kiswahili, na siye tuko na Kiswahili. Kumbe neno linaweza kuwa lile lile na maana ikawa ingine.

Siku za kwanza pale Kigoma nilisalimia muzee mmoja: "Jambo, papa!" Akaniangalia, akanyamaza. Kijana mmoja akanivuta pembeni, akasema: "Kaka, mzee haambiwi jambo. Sema shikamoo." Nikarudi, nikasema. Muzee akafungua uso: "Marahaba, mwanangu. Umetoka Kongo?" Walitueleza nyuma kwamba shikamoo ni kama kusema ninashika miguu yako. Huku kwetu mutoto anatoa heshima kwa mikono miwili na kwa kuinama kidogo. Kule heshima inaanzia mudomoni. Mimi nilikuwa nimeinama vizuri kabisa, lakini yule muzee alikuwa anangoja kusikia.

Muke wangu naye alipata yake. Alipeleka mutoto kwenye dispansari ya kambi, akamwambia muuguzi: "Jana nilimupeleka kwa munganga, akanipa dawa, lakini homa haijashuka." Muuguzi akakasirika: "Nyinyi mnawapeleka watoto kwa waganga, wakizidiwa ndipo mnatuletea!" Muke wangu akabaki mudomo wazi. Huku kwetu munganga ni yule wa hospitali, mwenye sindano na vidonge. Kule, watu wakisema mganga tu, wengi wanafikiri yule wa miti shamba. Na yule "munganga" wa jana alikuwa mufanyakazi wa dispansari ile ile! Bahati karatasi ya dawa ilikuwa kwenye mufuko, akaionyesha. Ingepotea, sijui tungeeleza namna gani.

Jirani yetu aliyetoka upande wa Bukavu yeye aliingia dukani na kusema: "Nataka kuuza sukari." Muzee wa duka akamwambia: "Iko wapi? Ilete tuione." Mama akamwonyesha kidole: "Si ile pale nyuma yako!" Kwake kuuza ni kutoa franga upate kitu, kutoa kitu upate franga ni kuuzisha. Walibishana mpaka akaja mutu anayejua pande zote mbili.

Hayo tunayacheka. Lakini kuko neno moja sitaki tulicheke leo, ni neno "naomba".

Kule Tanzania, mutu anaingia dukani na pesa yake mukononi, anasema: "Naomba sukari kilo moja." Mwanzoni nilifikiri wote wanakopa! Nyuma nikaelewa. Haombi bure, atalipa hapo hapo. Ni adabu tu. Siye tulikuwa tunasema "unipatie sukari," na hatukuwa na ubaya, lakini kwa masikio yao ilikuwa kama amri. Polepole tukajifunza. Watoto waliozaliwa kambini hawakujifunza, walizaliwa nalo. Kwao "naomba" ni namna ya kuzungumuza na mutu unayemuheshimu.

Nilirudi na boti mwaka wa 2007. Juma la kwanza nilituma kijana wangu sokoni kununua chumvi, na franga nilimupa. Akasema, "Mama, naomba chumvi." Mama wa soko akamujibu: "Hapa hatugawe bure, kijana." Watu wakacheka. Akarudi bila chumvi, franga bado zimekunjwa mukononi. Aliniambia: "Baba, wameniita muombaji." Na dada yake aliposema "Shikamoo, babu," baba yangu alimuuliza, "Nishike nini?" Mutoto akanyamaza. Juma lile lote hakumusalimia babu yake tena, na muzee akaanza kusema watoto wa kambi hawana adabu. Kumbe adabu ilikuwako, ila iko ndani ya neno ambalo yeye halijui. Ng'ambo walituita Wakongomani, na hapa kwetu watoto wetu wanaitwa Watanzania.

Sasa, kosa langu. Mwenyewe yuko kati yetu, amenipa ruhusa niseme, jina sitataja.

Mwanachama wetu mumoja, mama mushonaji, alikuwa anatoa franga yake kila juma kwenye kese, hakuruka hata mara moja. Bwana yake akaanguka mugonjwa, ikatakiwa apelekwe hospitali haraka. Akaja kwangu na adabu yake yote: "Sekretere, naomba mnisaidie na hela, mume wangu anaumwa." Mimi nikachukua kalamu. Kwenye kitabu kuko sehemu mbili: kuko akiba, mutu anatoa kilicho chake, siku yoyote, na kuko musaada, unangoja komiti ikutane. Nikasikia "naomba," nikasikia "mnisaidie," nikaandika: musaada. Komiti ilikutana nyuma ya majuma mawili.

Yeye hakuuliza tena. Kwake, ukishaomba umeshaomba. Kurudia ni kumusukuma mutu. Akauzisha mashini yake ya kushona kwa bei ya chini, akapeleka bwana hospitali. Siku ya komiti, tulipofungua kitabu, tukaona akiba yake ingetosha kwa safari na dawa, na ingebaki.

Nami nilikaa Tanzania myaka kumi na moja! Neno lile nilikuwa nalisema mwenyewe kila siku. Lakini nikirudi nyumbani nikawa na haraka ya kusahau, nisiitwe mugeni. Njo maana sikumusikia. Bwana yake alipona, tunashukuru Mungu. Mashini haijarudi.

Kwa hiyo niko na mambo matatu. Moja: karatasi ya kese ibadilishwe, iandikwe wazi "Ninatoa akiba yangu" ao "Ninataka musaada," na mwanachama aweke alama yeye mwenyewe. Asiyejua kusoma, asomewe zote mbili. Pili: mutu yeyote akija na shida, mwandishi amuulize mara mbili kabla ya kuandika: "Unataka kusema nini, mama?" Hiyo haina aibu. Tatu: chama kimukopeshe yule mama franga ya mashini, bila faida, na mimi nitaanza kuchanga.

Na kuhusu watoto: mutoto akikwambia shikamoo, ujibu marahaba. Haina bei. Naye umufundishe kusema jambo na kutoa mikono miwili. Atakuwa na zote mbili, na siku moja zitamufaa, juu ziwa liko pale pale na watu hawataacha kuvuka.

Mwenye swali, niko hapa.

(Nyuma ya maneno haya wanachama walikubali mambo yote matatu. Karatasi mupya iko kwa mutunza kese.)