Mtoto wa Ngomeni Anapotaka Kuwa Mhandisi wa Anga

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Gredi ya 9 katika siku ya kuelekezana kuhusu masomo na taaluma, Magarini, Kaunti ya Kilifi)



Yupo msichana wa Gredi ya 9 ambaye jina lake halitatajwa hapa. Bado ni mtoto, na hatapenda kugeukiwa na ukumbi mzima. Amezaliwa Ngomeni na babake ni mvuvi. Tangu akiwa mdogo amekuwa akiviona vile vyuma vilivyosimama baharini, ambavyo wakaazi huviita San Marco, na kuuliza vilijengwa kwa kazi gani. Alipojibiwa, alikuja na swali jingine: kazi ya kutengeneza roketi husomewa wapi? Madaftari yake yote yana roketi kwenye kurasa za nyuma, hata lile la Kiswahili.

Sasa wakati wa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari pevu umefika. Yeye anataka mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao wengi wanaujua kwa jina la STEM. Babake anataka achague masomo yatakayompa kazi ya karibu. Mzee huyo si adui wa elimu. Analolisema ni kwamba roketi ni mambo ya Wazungu, na mtoto wa mvuvi akipoteza miaka kufuata mambo ya Wazungu, hakuna atakayemrudishia.

Hoja hiyo ina pande mbili. Upande mmoja si sahihi, na mwingine unastahili jibu la kweli.

Kwanza hilo la mambo ya Wazungu. Ni kweli mradi wa San Marco ulianzishwa na Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, na roketi zenyewe, aina ya Scout, zilitoka Marekani. Lakini mahali palichaguliwa kwa sababu. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake huenda takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kila mtu hapa amemwona makanga akishuka matatu kabla haijasimama: mguu ukigusa lami, mwili bado unakwenda mbele na lazima akimbie. Roketi inayoruka kutoka Ngomeni kuelekea mashariki huondoka na mwendo huo wa bure. Ili kubaki angani, setilaiti ya mzunguko wa karibu inahitaji takriban kilomita 28,000 kwa saa, kwa hivyo msukumo wa dunia ni sehemu ndogo, ila ni mafuta ambayo hayatahitaji kubebwa. Na mashariki kuna bahari tupu, hivyo vipande vya roketi vinapoachiliwa huanguka majini, mbali na nyumba za watu.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, na ndiyo sababu ikaitwa Uhuru. Miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hivyo anayetaka kuichunguza hana budi kupanda juu ya hewa hiyo. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Iliacha orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na ilisaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi yako kweli angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Yote hayo yalianzia mahali ambapo watoto wa Magarini hutazama kila siku wakienda shule.

Aliyesimamia mradi wa setilaiti hiyo katika shirika la NASA, na kuipa jina la Kiswahili, alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Alisomea uhandisi wa umeme enzi ambazo wanawake katika madarasa hayo walikuwa wa kuhesabika, na alikuwa mama wa wavulana wanne. Wasichana waliokaa nyuma kule na walishike hilo.

Roketi haziruki tena Ngomeni, lakini kituo hakikufungwa. Antena zake zimeendelea kupokea habari kutoka angani, zikiwemo za setilaiti ya Swift ya Marekani, iliyorushwa mwaka 2004 kutafuta milipuko mikubwa ya mbali. Makubaliano mapya ambayo Kenya na Italia zilitia sahihi mwaka 2016 yanagusa pia elimu na mafunzo kwa Wakenya. Wakenya wenyewe nao wameanza. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, ya umbo la mchemraba wenye sentimita 10 kila upande, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Urefu wake haupiti sana rula ya shuleni. Kazi yake ni kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira.

Sasa upande wa pili, wa kazi. Hapa mzazi asidanganywe. Kenya haina kiwanda cha roketi, na anayemwambia mtoto kwamba atamaliza chuo leo na kesho arushe roketi Ngomeni anamdhulumu. Lakini mhandisi wa anga hasomi roketi peke yake. Anasoma jinsi hewa inavyobeba bawa, jinsi injini inavyosukuma, chuma gani chepesi kinastahimili joto, chombo kinaongozwaje kikiwa mbali. Ujuzi huo unahitajika kwenye ndege zinazotua Malindi na Mombasa, kwenye droni zinazopima mashamba, na katika Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017. Baadhi ya kazi hizo ziko mbali na nyumbani. Hilo nalo mzazi alijue mapema.

Nchini, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kinafundisha uhandisi wa ndege, na Chuo Kikuu cha Kenyatta uhandisi wa anga. Shahada ya uhandisi ni miaka mitano. Kabla ya kujaza kozi yoyote ya uhandisi, iwe hapa au ng'ambo, ulizeni kama inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Ni swali moja tu, na kutoliuliza kunaweza kumgharimu mtoto miaka hiyo yote.

Hayo ni ya baadaye. La sasa ni hisabati. Anayechukua STEM husoma hisabati nzito, na wa mikondo mingine husoma ile nyepesi. Mtoto anayeota anga lakini akaiacha hisabati nzito leo, au akaiacha fizikia kwa kuwa marafiki zake wameiacha, amejifungia mlango akiwa na miaka kumi na mitano, na huenda asijue hadi siku ya kuomba chuo. Ndani ya STEM lipo hata somo la usafiri wa ndege, ila si kila shule ina mwalimu na vifaa vyake. Ulizeni kabla ya kuandika jina la shule.

Kuhusu karo, uhandisi ni miongoni mwa kozi ghali. Akifika chuoni anaweza kuomba mkopo wa HELB. Kwa sasa, mzazi asisubiri kusikia habari za basari msikitini au kanisani wakati muda umeshapita. Apite ofisi ya msimamizi wa wadi aulize.

Jumatatu iliyopita mvuvi yule alikwenda shuleni mwenyewe. Alimwomba mwalimu amsomee karatasi ya kuchagua masomo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili, kisha akauliza ni shule gani ya karibu yenye maabara ya fizikia inayofanya kazi. Mwalimu alimtajia mbili. Mzee ameomba siku chache akazione, na karatasi amekwenda nayo.