IDHINI YA UMEME WA JUA MAJUMBANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu



Waliotutangulia wamesema habari za mizani, maghala na minada ya korosho. Sisi tumeombwa kusema juu ya jambo liingialo majumbani mwetu, toka mjini Mtwara hadi Msimbati, Kilambo na vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Mto Ruvuma; nalo ni umeme wa jua, na idhini itakiwayo kabla ya kuufunga.

Kila msimu, malipo ya korosho yafikapo, wachuuzi wa paneli nao hufika. Wako wasemao, "Hapana ruhusa yoyote itakiwayo, lipa tu." Wako na wengine wamtishao mkulima kwamba hata paneli ya taa tatu yahitaji leseni, kisha wakamtoza ada ya leseni hiyo. Wote hawasemi kweli, na mwenye hasara ni mkulima.

Kweli yenyewe ni hii. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haimdai mtu leseni ya kuzalisha umeme ikiwa mtambo wake haufikii megawati 1, yaani wati 1,000,000. Paneli ya wati 100 ni sehemu moja katika elfu kumi ya kiasi hicho. Basi mwenye paneli juu ya bati lake, na betri yake na taa zake, asiyeungana na waya wa TANESCO, hana haja ya leseni hiyo. Limpasalo ni kumtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, aitazame leseni kwa macho yake na kuisoma tarehe, wala asiridhike na maneno.

Jambo hubadilika pale nyumba inapokuwa na umeme wa TANESCO, na mwenyewe akataka kuunganisha paneli zake na waya huo. Hapo hapana budi kuomba idhini kwanza. Sababu yake si kupenda makaratasi. Mafundi wazimapo laini ili watengeneze nguzo iliyoangushwa na upepo, huamini kwamba waya hauna umeme. Ikiwa nyumba moja bado yasukuma umeme wake, waya ule u hai, na kijana wetu aliye juu ya nguzo aweza kupoteza maisha. Idhini hutaka kifaa cha kuukata umeme huo kiwepo, tena kiwe kimejaribiwa.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zimemfungulia njia mwenye mtambo mdogo: umeme unaomzidi huingia katika waya wa TANESCO, ukapunguzwa katika hesabu ya ule anaoutumia. Mwombaji hupeleka maombi TANESCO pamoja na mchoro wa fundi, hungoja ukaguzi, hutia sahihi mkataba, na hufungiwa mita isomayo pande zote mbili. Hayo yakiisha, ndipo awashe.

Katika ziara zetu tulimwona mwanachama aliyenunua kwanza, akaomba baadaye. Inveta aliyouziwa haikuwa ya namna iwezayo kuungana na waya wa TANESCO. Leo imelala chini ya kitanda, pamoja na thamani ya magunia yake.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kila Chama cha Msingi kiandike katika daftari majina ya mafundi wenye leseni, na namba za leseni zao. Kadhalika, Makatibu wawasomee wanachama masharti ya maombi kabla ya msimu kufunguliwa, wakati fedha haijafika mkononi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka kumi tumejifunza kutouza korosho zetu gizani. Tusinunue nuru gizani.

Umoja ni nguvu.