Nani Anakula Sukari ya Mutoto?

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto kilo, Likasi

Ninyi wa Kikula, na ninyi wa Panda na Shituru mulioamuka mapema sana, jambo. Mwenye mutoto analia amunyonyeshe tu, hanisumbui.

Siku moja mama mumoja alituletea mutoto wa miaka miwili. Homa ilikuwa siku ya pili. Usiku mutoto alishikwa na degedege, kisha akalala, na asubuhi hakuamuka. Tulimutoboa kidole tukapima damu: malaria ilikuwamo, na sukari katika damu ilikuwa chini sana. Tulipotengeneza serumu ya sukari, nkambo wa mutoto akanishika mukono: «Mama munganga, usimutilie sukari! Sukari njo inaleta palu!» Na mama akasema tangu jana hakumupa chakula, juu homa inapenda chakula.

Wote wawili walimupenda mutoto. Lakini palu hailetwi na sukari, inaletwa na mbu. Tulitia serumu pamoja na dawa ya malaria, na baadaye mutoto akafungua macho akamuita mama yake.

Basi, sukari yake ilikwenda wapi? Sikilizeni.

Kidudu cha malaria kina nyumba mbili: mbu na mutu. Na hakiishi namna moja katika nyumba hizo. Ninyi munajua makala na mbabula. Mama mwenye makala kidogo anachoma kila kipande mpaka kinakuwa majivu. Yule aliyeletewa mifuko kumi anachoma nusu nusu, na vipande anavitupa inje. Kidudu ni vile vile. Ndani ya mbu chakula ni kidogo, basi kinachoma sukari mpaka mwisho ili kipate nguvu yote. Kinakaa humo karibu siku 10 mpaka 14. Wakati wa baridi, mwezi wa 6 na wa 7, safari hiyo inakwenda polepole zaidi.

Mbu akimuuma mutoto, kidudu kinaingia kwanza katika ini, na huko kinazaana bila mutu kusikia kitu, karibu juma moja. Kisha kinaingia katika damu. Hapo kinabadilisha desturi yake. Damu inapita na sukari muchana na usiku, kama soko lisilofungwa. Basi kidudu kinakula haraka, kinachoma nusu, kinatupa mabaki. Chembe nyekundu ya damu yenye kidudu ndani inaweza kula sukari mara makumi kuliko chembe nzima. Kisha saa 48 tu, chembe inapasuka, na wadogo 16 au zaidi wanatoka kutafuta chembe zingine.

Mabaki yale yanayotupwa ni asidi. Damu ikijaa asidi, mutoto anapumua kwa nguvu na kwa haraka, kama mutu aliyekimbia, na tumbo linavutika. Wamama wengi wanasema ni kifua. Mara ingine ni kifua kweli, lakini usingoje kujua: mulete.

Tena kidudu kinakula ile rangi nyekundu ya damu yenyewe. Angalia kiganja cha mukono na ndani ya midomo; ikiwa ni nyeupe, damu imepunguka.

Mutu mukubwa anaweka sukari ya akiba katika ini. Mutoto mudogo akiba yake ni kidogo. Ukimufungisha chakula siku nzima, huku kidudu kinakula na ini linachoka, akiba inaisha, na ubongo unakosa chakula. Ndipo analegea au anashikwa na degedege. Hata kinini, dawa yetu ya zamani, inaweza kushusha sukari. Ndiyo maana tulikuwa tunaitia pamoja na serumu ya sukari. Leo kwa malaria kali tunatumia kwanza artesunati, lakini sukari ya damu tunaipima vilevile.

Mutoto wa homa anyonye kila mara anapotaka, hata usiku. Aliyeacha ziwa apewe uji kidogo kidogo. Kama anakataa, tia vijiko vidogo 4 vya sukari katika kikombe cha maji safi (mililita 200), koroga, mupe kijiko kwa kijiko mukiwa njiani kuja. Njiani, wamama! Sukari haiui kidudu, na mutoto aliyekunywa akachangamuka bado ana malaria.

Kama ana degedege, au haamuki ukimuita, usimutilie kitu kinywani, wala maji wala dawa, kwa sababu kitaingia katika mapafu. Mulaze ubavu, mubebe, ukuje mbio, hata saa nane ya usiku.

Na ukifika mulangoni, mbele hatujauliza karatasi yake, utuambie alikula au alinyonya mara ya mwisho saa ngapi.