Bei ya Kamera za Fremu Kamili na Mwelekeo wa Soko Lake



1. Utangulizi

Kamera ya fremu kamili ina kihisi cha milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35. Kwa muda mrefu mnunuzi aliambiwa avute subira, bei itashuka. Nadai kuwa ushauri huo umepitwa na wakati.

2. Bei ilivyoshuka

Bei nitakazotaja ni za bodi tupu, bila lenzi, zilizotangazwa Marekani wakati wa uzinduzi. Canon EOS-1Ds ya 2002 iligharimu takriban dola 8,000. Mwaka 2005 EOS 5D ikaja kwa dola 3,299. Mwaka 2012 Nikon D600 na Canon EOS 6D zikatangazwa kwa dola 2,099 kila moja. Sony A7, isiyo na kioo cha kuakisi, ikafuata mwaka 2013 kwa dola 1,699, na Canon EOS RP ikafika dola 1,299 mwaka 2019.

3. Kwa nini imeacha kushuka

Sababu ya kwanza iko kiwandani. Vihisi hukatwa kwenye kisahani cha silikoni. Kihisi cha fremu kamili kina eneo zaidi ya mara mbili ya kile cha APS-C, aina ya kihisi kidogo zaidi, hivyo kila kisahani hutoa vichache, na dosari ndogo huharibu kipande kikubwa.

Sababu ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi, ni soko lenyewe. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 zilipelekwa sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu janja zimewachukua wapigaji wa kawaida. Waliobaki ni wenye kazi au mapenzi ya dhati, na kampuni zinatafuta faida kubwa kwa kila kamera badala ya wingi wa mauzo. Ndiyo maana Sony A7 III ilianza kwa dola 1,999 mwaka 2018, na A7 IV kwa dola 2,499 mwaka 2021. Nikon Z5 ya 2020 ilianza kwa dola 1,399. Z5II ya 2025, dola 1,699.

4. Gharama iliyojificha

Bodi ni mlango tu. Lenzi ya Canon RF 24-70mm f/2.8, iliyotoka mwaka uleule wa EOS RP, ilitangazwa kwa dola 2,299, yaani dola 1,000 zaidi ya kamera yenyewe.

5. Mapendekezo

Nafuu itapatikana kwenye mitumba, kwa kuwa kila toleo jipya hushusha bei ya lililotangulia. Mnunuzi akague idadi ya mibofyo ya shata na ukungu ndani ya lenzi, hasa akiwa pwani yenye unyevu. Mwenye kazi inayodai fremu kamili asisubiri. Asiye nayo abaki na APS-C, pesa iliyobaki aiweke kwenye lenzi na taa.