Macho Yakikataa Kusoma Kitabu cha Kikundi

(Mazungumzo na waweka hazina wa vikundi)

Leo hatukuja na habari za mbegu wala mizinga. Tumekuja na habari ya macho, kwa sababu macho karibu yavunje kikundi kimoja tunachokitembelea.

Mama mmoja alikuwa mweka hazina kwa miaka mingi. Kila mwezi alinakili michango kutoka kadi za wanachama hadi kwenye kitabu. Hesabu zikaanza kukataa. Penye 8 alisoma 3, basi aliyetoa shilingi 800 akaandikiwa 300, naye akauliza 500 yake imekwenda wapi. Watu wakanong'ona, halafu wakasema wazi: amekula. Naye mama aliona haya kusema haoni. Alikuwa akishika kadi mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha! Siku tuliyomvalisha miwani ya kusoma, alisoma kurasa tatu kimya, kisha akalia. Makosa aliyaonyesha mwenyewe kwa kidole. Pesa zote zilikuwa sandukuni.

Huo si ugonjwa, wala si kurogwa. Ndani ya jicho mna lenzi. Tukiwa vijana ni laini, hujibadilisha umbo tunapotazama kitu cha karibu. Miaka ikienda inakuwa ngumu, na tukipita 40 hivi karibu kila mtu huanza kusukuma maandishi mbali. Mbuzi wa jirani akiwa ndani ya mahindi yako unamwona vizuri. Tundu la sindano ndilo hulioni. Tena wanaosema miwani inaharibu macho, si kweli. Lenzi itazidi kuwa ngumu uvae miwani usivae.

Sasa, tuliulizwa swali. Binti fulani wa mjini alimwambia mamake kuna lenzi ndogo za kuvaa juu ya jicho lenyewe, za kuona mbali na karibu. Ni kweli? Ndiyo, ziko, na zinasaidia wengi. Lenzi hiyo moja ina miduara: mahali pengine pa kuona karibu, pengine pa kuona mbali. Picha zote mbili huingia jichoni pamoja, na ubongo hujifunza kuchagua. Mchana, penye mwanga mzuri, mtu anasoma simu bila shida. Lakini kwa taa hafifu herufi ndogo hazikolei kama kwa miwani ya kusoma, na usiku taa za magari huonekana zina duara la mwanga. Si mmoja wala wawili waliozijaribu wakarudia miwani.

Kwetu sisi shida kubwa ni maji. Lenzi hizi hazioshwi kwa maji ya tangi, ya kisima wala ya mfereji, hata yakionekana safi. Mna vijidudu vinavyoweza kula kioo cha mbele cha jicho mpaka mtu akapofuka. Zinahitaji dawa yake maalum, mikono iliyooshwa ikakaushwa, na daktari wa macho wa kuzipima na kuzifuatilia. Pesa hizo, jamani, mnazijua.

Miwani ya kusoma ni rahisi, na faida yake imepimwa. Huko Assam, India, wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi walifanyiwa utafiti uliotolewa mwaka 2018. Waliopewa miwani mara moja walizidi wenzao kwa karibu asilimia 22 katika kazi yao. Chai tu, si kitabu!

Ukichagua, shika kazi yako mwenyewe, sindano au kadi, mahali unapoishikia kila siku. Chukua namba ndogo kabisa inayokuonyesha vizuri. Lakini ukiona ukungu, maumivu, au hata mbali huoni, usinunue miwani. Nenda hospitali kwanza, hasa mwenye kisukari.

Kadi za kupimia ziko pale mezani chini ya mwembe. Waweka hazina watangulie, na kila mmoja aje na kitabu chake.